Neno lililonitoka barazani

Siku ya tatu tangu nirudi kutoka Maskati, baada ya miaka 14, nilijichongea mwenyewe barazani kwetu Kikwajuni. Kahawa inamiminwa, mazungumzo ni sherehe za Januari 12, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Nami nikadakia: "Yale mavamizi..."

Kimya. Hata waliokuwa wakipiga dhumna walisita.

Wallahi sikukusudia. Babu yangu alikuwa mtu wa chama cha Afro-Shirazi (ASP), damu, na nyumbani kwetu ni Mapinduzi Matukufu, basi. Lakini kwa wenzetu waliokimbilia Maskati yale ni mavamizi, na ukila wali wa watu miaka 14 ulimi nao huzoea.

"Umelishwa maneno," akaniambia mzee mmoja. Nikajitetea kwa hesabu, maana babu alinifunza hesabu kabla ya hadithi. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Vyama vingine, ZNP 12, ZPPP 6, vikaungana, Mohammed Shamte akawa Waziri Mkuu. Serikali ikawaachisha polisi wa bara, watu walioijua kambi ya polisi ya Ziwani mlango kwa mlango! Uhuru Desemba 10. Siku 33 baadaye wenye mapanga na mishale wamo Ziwani wanagawana bunduki, Sultani Jamshid yuko melini.

Wakatikisa vichwa kukubali, afadhali. Nikamtaja John Okello, kiongozi wa wale wenye mapanga. Kijana anayemaliza skuli akauliza, "Okello ndiye nani?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Maskati jina hilo halikosekani katika kila kikao. Mganda yule ndio ushahidi wao wa uvamizi. Hapa, mtu ambaye sauti yake redioni iliwatia watu hofu kisiwa kizima, akazuiwa kurudi Unguja Machi ile ile, kijana hamjui. Kule wanahesabu maiti wa siku zile, huku wanahesabu eka tatu tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi. Hakuna anayehesabu vyote viwili mbele ya watu.

Nyie mnaofunga mizigo, leteni halua. Neno lile liacheni uwanja wa ndege.

Usiku mzee yule alinisindikiza mpaka kona. Akatazama nyuma, akanong'ona jina la mtu wa mtaa wa Malindi aliyecheza naye mpira wakiwa vijana.

"Huko Maskati hukumkuta? Yu hai?"

Nikamwambia yu hai, miguu tu inamsumbua.

"Namba yake unayo?"