Namba imetoka!

Namba yangu ya usajili wa ualimu kutoka TSC, tume ya walimu ya Kenya, imenifikia leo nikiwa kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mama mmoja aliyebeba kuku wawili.

Nikapiga ukelele. Kuku wakapapatika. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, umefiwa?"

Kwa wasiojua: digrii yangu ni ya kemia tupu. Miaka minne nimepima rangi za nyumba kiwandani Changamwe, na kila nikitaja kufundisha naambiwa eti digrii yatosha.

Haitoshi, jamani!

Ilibidi nirudi chuo kusoma diploma ya uzamili ya ualimu, nishike masomo mawili, kemia na hesabu, kisha niende mazoezi ya kufundisha. Hata gredi za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, za masomo hayo zilitazamwa. C+ yangu ya hesabu iliponea chupuchupu.

Basi nikamweleza yule mama. Akahamishia kuku wote mkono mmoja, akanipa ule mwingine.

"Hongera, mwalimu."

Wanafunzi wa mazoezi waliniita hivyo kila siku. Lakini hii ya leo ilinikaba koo mpaka tukashuka ng'ambo.

Nyinyi mlioingilia ualimu mlango wa uani, namba yenu ilipotoka mlikuwa wapi?