Sauti ya Kibandani

Mwaka 2003, redio ilipotangaza kuwa N!xau, mwigizaji wa filamu, amefariki kwao Namibia, mdogo wangu hakumjua hadi niliposema, "Yule wa chupa." Mtaa wetu wote wa Tandika, Dar es Salaam, ulimjua kwa chupa. Jumamosi yake nikaenda Kariakoo, nikazunguka Mtaa wa Kongo mpaka nikapata CD mbili ndani ya mfuko mmoja wa nailoni: The Gods Must Be Crazy, filamu ya Jamie Uys ya mwaka 1980.

Mara ya mwisho kuiona nilikuwa darasa la tano, kwenye kibanda cha video kilichoegemea ukuta wetu wa uani. Mabanzi, turubai, mabenchi, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha bi harusi. Mkanda ulikuwa umechezwa hadi picha inashuka mistari. Pembeni ya televisheni alikaa mtafsiri, kaka mmoja mwembamba, fundi wa gereji, maiki mkononi na taulo shingoni. Nilimpenda mtu yule kuliko wachezaji wote.

Sebuleni tukaweka CD ya kwanza. Rubani akatupa chupa ya Coca-Cola kutoka angani, ikatua jangwani Kalahari, ndugu wa Xi, ndiye N!xau mwenyewe, wakaanza kuigombea kwa sababu ni moja tu na kila mtu ana kazi nayo. Hadithi ilikuwa ile ile. Lakini juu ya picha ilikuwa inasikika sauti ya mzungu, ya upole, kama ya kipindi cha wanyama, ikieleza Xi anawaza nini na kwa nini. Xi mwenyewe anazungumza muda mrefu, kwa lugha yake ya kugonga ulimi, na mara nyingi hatuelezwi amesema nini. Iliniuma. Xi niliyemjua mimi alikuwa na maneno! Alibishana, alishauri, aliaga mkewe vizuri kabla ya kwenda kuitupa ile chupa mwisho wa dunia. Maneno yote yale alipewa na fundi gereji wa Tandika.

Ikafika sehemu ya Landrova. Mtafiti wa wanyama ana gari bovu, breki hakuna, na injini akiizima kuiwasha tena ni kazi. Amefika kwenye geti. Anaruka, anasukuma jiwe chini ya tairi, anakimbilia geti, gari linaondoka lenyewe, anarudi mbio. Nilikuwa nimeshakaa mkao wa kucheka. Kumbe pale hakuna maneno kabisa, ni mngurumo wa injini tu. Mdogo wangu akatabasamu kidogo. Mimi koo lilikuwa limenikauka, nasubiri sauti ambayo haiji.

Nikapunguza sauti ya televisheni hadi mwisho, nikasema mwenyewe, kwa lafudhi yake ya kuvuta:

"Simama! Nimekwambia simama, mkaidi wee! Nakulisha mimi, nakunywesha mimi..."

Kutoka uani, Mama akamalizia bila kukosea hata neno: "...leo wallahi nakupeleka mnadani Pugu!"

Mama hajawahi kukanyaga kibanda kile. Alikuwa akifua na kupika upande wa pili wa mabanzi, mkanda ukirudiwa wiki hadi wiki, mpaka akayakariri yote kwa masikio. Akatokea mlangoni na ungo wa mchele anaouchambua. Akaitazama Landrova ikirudi kinyumenyume na yule mtu akiikimbiza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Anayeambiwa simama ni hilo gari?"

"Ndilo."

"Miaka yote hiyo najua anagombana na ng'ombe."

Akaweka ungo juu ya meza, akakaa katikati yetu, akaniambia nirudishe tangu alipofika getini. Na nisiongeze sauti ya televisheni. Niseme mimi.