Siku Moja na Neva za Macho ya Panya

Saa 12:40 asubuhi huwa nimesimama kituoni nikisubiri basi, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako giza la Januari haliondoki mpaka saa 2 ipite. (Saa zangu ni za Kiswahili, nimeishi huku miaka sita na kichwa kimekataa kuzibadilisha.) Nyumbani Tanga wameshaamini kwamba nimekuwa daktari wa macho, na kila ninapokana wanadhani ni unyenyekevu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Sijawahi kumtibu mtu hata mmoja. Nakata neva za macho ya panya vipande vyembamba kuliko unywele, navipaka rangi na kuvipiga picha, ili watafiti waone seli saidizi za neva hiyo zinafanya nini presha ya jicho inapopanda.

Juzi Jumanne, saa 2 kamili, nilianza kwa kupima. Sheria ya mwaka 1986 inamtaka kila anayefanya jaribio juu ya mnyama awe na leseni yake binafsi, na yangu ndiyo inayoniruhusu kuwashika hawa panya wadogo weusi. Wiki mbili zilizopita jicho moja la kila panya lilidungwa shanga ndogo mno za plastiki, ambazo huziba njia ya kutokea maji ya ndani ya jicho, nayo presha hupanda. Jicho la pili huachwa kwa ajili ya kulinganisha. Kipimo chenyewe ni kijisindano kinachogusa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na kurudi nyuma, na namna kinavyorudi ndiyo inayoonyesha ugumu wa jicho. Kikishagusa mara 6, mashine hutoa wastani. Panya wa kwanza alikuwa na milimita 13 za zebaki upande mmoja na 21 upande wa pili. Nilipima wote, nikaandika, nikanawa, nikapanda ghorofani.

Saa 4 nilikuwa nimeandikiwa kutumia kriostati, yaani friji yenye wembe ndani yake, ambamo neva iliyogandishwa hukatwa ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikuta aliyenitangulia ameondoka bila kufunga kioo cha juu, na kipimajoto kinasoma 9 chini ya sifuri. Ukikata katika joto hilo, neva hukunjamana mbele ya wembe kama ngozi ya maziwa. Hapakuwa na la kufanya ila kufunga na kungoja, na nilingoja saa moja na dakika ishirini, nikiwa nimesimama kwa kuwa katika chumba kile hakuna kiti. Katikati ya kungoja akaja mtafiti mmoja, kijana mwenye heshima zake, akaniomba nimkatie neva zake sita kabla ya jioni. "Ni vipande vichache tu," alisema, "dakika kumi." Nilimtazama nikakosa jibu la adabu, kwa hiyo nikanyamaza.

Dakika kumi hazitoshi hata kuielekeza neva moja. Neva ya panya ni nyembamba kama uzi wa kushonea, na sehemu ninayoitaka, pale nyuzi zinapotoka tu nyuma ya jicho, haifiki urefu wa nusu milimita. Binadamu ana nyuzi zipatazo milioni 1 katika neva moja ya jicho, panya huyu ana kama 50,000, na zote lazima zipite katika tundu lililo nyuma ya jicho, ambako presha huzielemea kuliko mahali pengine popote. Tundu la binadamu limewekewa chujio la kolajeni liitwalo lamina kribrosa. Panya huyu hana chujio hilo. Mahali pake pameshikiliwa na seli saidizi zenyewe, yaani astrosaiti, ambazo hunyoosha mikono yao kukatiza upana wa neva na kulifumia kila fungu la nyuzi chumba chake. Wembe ukienda mshazari kidogo tu, nusu ya kipande huonyesha kina kimoja na nusu kina kingine, na kazi yote imeharibika. Nakata maikroni 14 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nashika ukingo wa kipande kwa ncha ya brashi ya kuchorea, nakilaza, nakigusisha slaidi, nakwenda cha pili. Vidole vilikufa ganzi kwenye neva ya tatu. Ya nne ilipasuka. Chakula cha mchana sikukumbuka mpaka nilipoona watu wanarudi kutoka kula.

Kuosha slaidi na kuziwekea kingamwili, yaani protini zinazoipeleka rangi kwenye seli ninazozitaka, kulichukua alasiri iliyobaki.

Ilikuwa imeshaingia magharibi, sijui ni saa ngapi hasa, nilipopata hadubini ili nitazame slaidi za wiki iliyopita. Katika jicho salama, astrosaiti zilizotiwa rangi ya kijani huonekana kama wavu wa dagaa uliotandazwa, matundu yake madogo na yaliyo sawasawa. Katika jicho lenye presha, mikono ile imekuwa minene, vitawi vyake vyembamba vimerudishwa ndani, na wavu una mapengo. Rudolf Virchow, katika karne ya 19, alizipa seli hizi jina lenye maana ya gundi, na kwa maoni yangu jina hilo limezionea. Gundi haijikunji inapobanwa. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba presha ikipandishwa kwa muda mfupi kisha ikashushwa, astrosaiti hurudia umbo lake kwa kiasi kikubwa. Na mwaka 2017 panya ambao astrosaiti zao zilizuiwa kubadilika hivyo walipoteza uwezo wa kuona zaidi, si pungufu. Hata hivyo mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba astrosaiti zikichochewa na seli za kinga za ubongo zinaweza kuua seli za neva zilizokuwa zikizilea. Kwa hiyo ninapoona wavu wenye mapengo siwezi kusema kama natazama ulinzi au uharibifu, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye wembe kila asubuhi.

Nilikuwa nazima taa ya hadubini shangazi alipopiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeziona hizo seli za baba yako?"

"Za panya, shangazi. Baba yuko wapi?"

Baba amelala. Ana presha ya macho mwaka wa nne sasa, na chupa yake ya matone imeisha tangu Jumamosi. Hakusema, kwa sababu jicho haliumi. Nilituma pesa ya dawa nikiwa bado nimevaa koti la maabara, halafu nikakumbuka kwamba neva sita za yule kijana zingali kwenye friji.