Arosto ya dawa za cheti

Teja kwenye vichwa vya watu ni yule wa kona, kalegea, anaomba omba hela. Mimi nilikuwa naenda kazini nimepiga pasi, nalipa bili zangu, na kwenye mkoba nina kikopo cha alprazolam, dawa ya wasiwasi, chenye jina langu na kimeandikwa na daktari kabisa. Kwa hiyo hata nilipofika hatua ya kuhesabu vidonge vilivyobaki kabla sijakubali mwaliko wowote, habari ya uraibu sikuiona kama inanihusu, ile ilikuwa ya watu wengine huko.

Watu wakijua nimeacha swali lao la kwanza ni "ulikuwa unavitamani sana?" Aisee hapana. Hamu yenyewe ilikuwa ndogo tu. Balaa la dawa za wasiwasi ni kwamba arosto yake inakuja na sura ileile ya ugonjwa. Ukipunguza dozi, moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, usingizi hakuna, simu ikiita unaruka, sasa si ndio mambo yaleyale yaliyokupeleka hospitali mwanzo? Basi unasema unaona, bado naumwa, unameza, baada ya muda mfupi kumetulia, na hapo umeshajipa ushahidi kwamba bila dawa huwezi kuishi. Mimi huo ushahidi nilijipa asubuhi na jioni kwa muda mrefu sana.

Jinsi inavyofanya kazi sio siri. Ubongo una kemikali inaitwa GABA, hiyo ndio breki yake. Hizi dawa, diazepam, lorazepam, clonazepam na ndugu zao, hazileti GABA mpya, zinafanya iliyopo ishike kwa nguvu zaidi. Ubongo nao unazoea, unaona breki imezidi, unapunguza usikivu wake taratibu, ndio maana dozi ya mwanzo baadaye inakuwa kama maji. Ukija kuitoa dawa ghafla breki iliyobaki haitoshi kitu, na mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani anaweza kuanguka degedege. Na wengine wanakufa. Kwa hiyo yule anayekwambia "kuwa jasiri, mwaga zote chooni leo" msikilize kwa adabu halafu usifanye anachosema.

Mimi alprazolam ndio ilinimaliza kwa sababu inatoka mwilini haraka, nusu yake inaondoka ndani ya saa kama 11 hivi, yaani kabla ya dozi ya pili arosto imeshaanza kupiga hodi na mimi najua ni stresi za kazi. Daktari wa pili (wa kwanza alikuwa anajaza cheti bila hata kuinua macho) akanihamishia kwenye diazepam ambayo yenyewe inakaa siku kadhaa na inashuka polepole. Hesabu za kuhama msijipigie wenyewe jamani. Nusu miligramu ya alprazolam, kidonge kidogo hivyo, kwenye jedwali la Profesa Heather Ashton inalingana na kama miligramu 10 za diazepam, wataalamu wengine wanaweka chini ya hapo, na kila mwili una yake.

Huyo mama Ashton mimi namuombea dua hadi leo. Aliendesha kliniki ya watu wanaoacha hizi dawa kule Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, na msimamo wake ulikuwa kwamba mwendo anaupanga mgonjwa. Wakati huo wengi walikuwa wanaambiwa ni wasiwasi wao tu. Valium, ambayo ndio diazepam kwa jina la dukani, imeingia sokoni 1963, Uingereza wakaja kuwaambia madaktari 1988 kwamba mwisho wa kumpa mtu hizi dawa ni wiki 2 hadi 4, na Marekani lile onyo kali kabisa la pakiti linalotaja utegemezi limewekwa 2020. Hiyo miaka hapo katikati hesabu mwenyewe.

Kushuka kwenyewe sasa. Mpango wangu ulikuwa asilimia 5 hadi 10 ya dozi niliyonayo kwa wakati huo, halafu nakaa hapo wiki mbili mpaka nne mwili utulie. Ya wakati huo, sio ya mwanzo, kwa hiyo kadiri unavyoshuka vipande vinazidi kuwa vidogo, mwishoni unakata kidonge mpaka unabaki na unga, kama kuna ya maji omba ya maji. Mama mdogo alikuwa ananiangalia na kiwembe changu anauliza, "mwanangu, si uache tu yaishe?" Nikamwambia mama, ndio naacha hapa.

Kilichonisaidia kutofautisha arosto na wasiwasi wangu wa zamani ni vitu vipya. Wasiwasi wangu haukuwahi kuniletea mlio masikioni. Haukuwahi kufanya taa ya kawaida inichome macho, au ngozi iwe kama inatembewa na sisimizi, au misuli ya mguu icheze yenyewe, au nijione niko nyuma ya kioo naangalia maisha ya mtu mwingine. Nikiona hivyo nilikuwa naandika kwenye daftari, hii ni dawa inatoka, na sipandishi dozi wala sishushi, nakaa palepale. Siku nzuri inakuja bila taarifa, unafurahi, unapigia watu simu, kesho yake umelala sakafuni tena na hakuna ulichokosea. Hapo ndio wengi wanarudi, na mimi siwalaumu hata kidogo. Pombe niliweka mbali kabisa maana inagusa hukohuko kwenye GABA, na ukichanganya hizi dawa na pombe au zile za maumivu za jamii ya morfini pumzi inaweza kukata usingizini.

Wasiwasi wa zamani ulirudi? Ndio, ila nilipokutana nao bila arosto juu yake nikashangaa ulivyo mdogo, huo nikaupeleka kwenye tiba ya mazungumzo na naendelea nao. Usingizi bado haujakaa vizuri.

Kama unaishi na mtu anayeshuka, usimuulize "bado tu?" na usimhesabie vidonge. Na kama kikopo ni chako, leo usipunguze chochote, ongea na daktari kwanza, akikwambia acha zote wiki hii na umemeza miezi mingi, nenda kwa mwingine.