Treni ya mwisho Warabi

Kozi yenyewe iliyonipeleka Japani sina cha kusimulia. Wiki mbili tumekaa ukumbini tunafundishwa pampu na mabomba ya maji, tukapelekwa kuona mtambo mmoja mkubwa wa kusafisha maji, tukapiga picha, tukapewa vyeti, kwisha. Ilikuwa Novemba 2024 na baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Kasheshe ilianza nilipojifanya mjanja nikaongeza siku tatu kwa hela yangu mwenyewe eti nitalii Tokyo.

Hela yenyewe ikaanza kuyeyuka siku hiyo hiyo. Yen moja ilikuwa kama shilingi 17 hivi, sasa kila nikiona bei nakuwa napiga hesabu kichwani mpaka kichwa kinauma. Dukani niliona tikiti, tikiti moja tu dogo, limewekwa kwenye sanduku limevalishwa utepe kama bibi harusi, yen 12,000. Laki mbili na ushee! Malazi ya bei poa niliyopata maeneo ya Ueno yalikuwa vile vyumba vya kuingia kwa kutambaa, unalala umebanwa kama maiti kwenye droo, na kwa hiyo droo nalipa elfu 76 kwa usiku.

Ndo mwenzangu mmoja wa kozi, Mmisri, akaniambia ukitaka nyama ya halali ya bei ya kibinadamu panda treni nenda Warabi, kuna Wakurdi kibao wanachoma kebabu huko. Warabi iko mkoa wa Saitama, ukitoka Tokyo unavuka mto Arakawa halafu stesheni chache tu umefika. Kimji kidogo balaa, kati ya miji yenye hadhi ya jiji, kwa eneo ndo mdogo kuliko yote Japani. Wakurdi wa kutoka Uturuki walianza kujikusanya pale na Kawaguchi ya jirani tangu miaka ya 90, sasa hivi wako kama elfu mbili hivi, na wengi wao waliomba ukimbizi wakagonga mwamba.

Nikala nikashiba, chai zikawa zinaletwa moja baada ya nyingine kwenye vile vikombe vyao vyembamba, mpira upo kwenye TV, nikajisahau. Nakuja kutoka ni saa saba kasoro usiku. Nafika stesheni, geti zima! Yaani mji wote ule, mamilioni ya watu, halafu treni zinaenda kulala kama kuku. Nikaulizia teksi, kurudi Ueno kama yen 8,000. Elfu 136 za Kitanzania kwa safari ya nusu saa, tena usiku wanakuongezea asilimia 20 juu. Nikasema hapana, bora nife.

Nikakaa kwenye ngazi nikampigia mke wangu, huko nyumbani ilikuwa saa moja moja jioni, nikawa nalalamika kwa sauti kubwa kama mtu yuko sokoni Kasulu. Nikamwambia mama Asha leo nalala nje, na hii baridi kesho mtaletewa barafu. Mara nasikia nyuma yangu, "Weye ndugu, usilale inje, utakufa na baridi."

Niliruka. Nageuka nakuta mzee mmoja mweusi, koti refu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, kashika mfuko wa dukani una mkate na kopo la samaki. Kiswahili! Saa saba usiku, Saitama! Nikamkumbatia kama ndugu yangu wa damu aisee, na yeye akacheka akaniambia, "Miye natoka Uvira." Sasa Uvira ya Kongo na Kigoma ni ziwa moja, Tanganyika, mimi ni wa Kasulu, hapo tukawa tumeshakuwa majirani. Jina lake silitaji, ana kesi, mimi nilikuwa namwita Papa na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Akanipeleka anapoishi. Chumba kimoja, wanakaa wawili, mwenzake alikuwa kalala ukutani huko hata hakugeuka. Katikati kuna hita ya mafuta ya taa, na ile harufu ilivyonipiga nikakumbuka jiko la mchina la bibi yangu, sikutegemea kabisa kuikuta Japani. Akapika bugali (wao ndo wanavyoita ugali), unga kanunuliwa duka la Waafrika kwa bei ambayo aliniambia nikaomba asiirudie, na lile kopo la samaki akalikaanga na kitunguu. Nilikuwa nimeshiba kebabu lakini nilikula.

Tukaongea mpaka alfajiri, na kitu ambacho kimeniganda ni karatasi yake. Karatasi ya kawaida tu, ina picha yake, imekunjwa mara nne inakaa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Inaitwa karihomen, maana yake wamekuachia kwa muda. Papa aliomba ukimbizi miaka mingi nyuma, wakamkatalia, akakata rufaa, wakamkatalia, akaomba tena. Hapo katikati alikaa mahabusu ya uhamiaji, halafu ndo akapewa hiyo karatasi. Akaifungua chini ya taa akawa ananisomea kwa kidole maana herufi zao kazijua kwa shida, "Hii mbili ni Saitama. Hii, kazi. Hii, hapana." Haruhusiwi kufanya kazi. Bima ya afya hana, jino likiuma analiacha liume. Na haruhusiwi kutoka nje ya Saitama bila kibali, kwa hiyo ule mto Arakawa niliouvuka mimi kwa treni nikiwa nachati bila hata kuutazama, yeye kuuvuka ni mpaka aombe. Kanisa lake la Wakongo liko ng'ambo, Tokyo. Kwenda kusali anajaza fomu!

Nikamuuliza sasa unakulaje kama kazi hapana? Akasema kuna watu wa kanisa, kuna Wajapani wema wanaleta chakula, "na mambo ingine usiniulize." Sikuuliza.

Mimi nilikasirika kweli kweli. Nikatoa simu nikaanza kutafuta takwimu mule mule chumbani, nikakuta mwaka 2023 watu 13,823 waliomba ukimbizi Japani, waliokubaliwa 303. Na hiyo 303 ndo walikuwa wanaihesabu kama rekodi, maana mwaka 2017 waliomba zaidi ya 19,000 wakakubaliwa 20. Ishirini! Hawajai hata Hiace moja ya Kigoma mjini. Papa akasema na sheria imeshabadilishwa, toka Juni 2024 ukiomba mara ya tatu bila sababu mpya wanaweza kukurudisha hata kama jibu halijatoka, zamani ukiwa na ombi mezani walikuwa hawakugusi. Yeye yuko la pili.

Na sio kwamba nchi imejaa. Kwenye kozi tu walituambia watu wanapungua, kuna vijiji mabomba yanapitisha maji kwenda kwenye nyumba ambazo hazina mtu, nchi nzima nyumba tupu ziko kama milioni 9. Wafanyakazi wa kigeni wanachukua, wameshapita milioni 2, kila duka nililoingia usiku kaunta kuna Mnepali au Mvietnam. Kwa hiyo ile hoja ya wanaokataa wakimbizi, eti utamaduni wetu na usalama wetu, mimi naona haisimami vizuri. Mgeni wa kuja kubeba maboksi anakaribishwa, mgeni aliyekimbia risasi anapitishwa kwenye tundu la sindano.

Halafu kumbe wakitaka wanaweza. Baada ya vita vya Vietnam walipokea zaidi ya 11,000 kutoka Indochina, na hiyo presha ndo iliwafanya wakaingia kwenye ule mkataba wa wakimbizi mwaka 1981. Waukraine juzi juzi wamewaingiza zaidi ya elfu mbili, haraka, wakapewa na nyumba. Ila hawakuwaita wakimbizi. Papa alinifundisha haya maneno, mkimbizi ni nanmin, Waukraine wakaitwa hinanmin, yaani waliohamishwa kukwepa hatari. "Silabi moja tu," akasema, "miye nimekosa silabi moja." Akacheka mpaka mwenzake akaguna kule ukutani.

Akaniambia pia wikiendi kuna watu wanakujaga pale pale stesheni nilipokaa na vipaza sauti, wanapiga kelele Wakurdi warudi kwao. Yeye siku hizo hatoki, ingawa sio Mkurdi, anasema mtu mwenye hasira hachambui.

Sasa ngoja nifike kwenye kilichonikalisha kimya. Nilikuwa nimeshapandisha, nawachana Wajapani mmoja mmoja, nchi tajiri, nchi ya roho ndogo, nikaleta na sifa za nyumbani. Nikamwambia sisi 1994 Wanyarwanda robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na Ngara ikawapokea, na bosi wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakati ule alikuwa mama wa Kijapani, Sadako Ogata, basi si angewafundisha na wenzake huku! Mwalimu alipewa nishani ya Nansen, ile ya waliosaidia wakimbizi, mwaka 1983. Warundi waliokimbilia kwetu 1972 tuliwapa uraia watu laki moja na elfu 62, nchi gani tajiri imewahi kufanya hivyo kwa mkupuo? Papa ananisikiliza anatikisa kichwa, anasema ni kweli, ni kweli, Mungu abariki Tanzania.

Halafu akasema, "Dada yangu iko Nyarugusu. Toka 1996."

Nyarugusu! Kambi ya wakimbizi ya kwetu Kasulu, mimi hapo nimepita utoto wangu wote. Ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1996 niko darasa la tatu, nawakumbuka Wakongo wanapita na malori, mabanda ya sokoni kwetu yote yaliezekwa yale maturubai yao. Nikasema aisee dunia ndogo.

Akaniuliza, "Yeye anaweza kutoka kwenda Kigoma, auze vitenge kidogo, arudi?"

Nikanyamaza.

Maana jibu nalijua, kila mtu wa Kasulu analijua. Mkimbizi wa kambini akitoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali anakamatwa. Kazi bila kibali hapana. Masoko ya pamoja ambapo na mama yangu alikuwa ananunua sabuni na mafuta yao kwa bei rahisi yalifungwa, mara ya mwisho ilikuwa miaka ya 2018 na 2019 hivi. Wanyarwanda wale wale ninaojisifia, Desemba 1996 tuliwaambia mwisho wa mwaka wote wawe wameondoka, tukawasindikiza na jeshi. Na mimi Muha mwenyewe, Mtanzania wa babu na bibi, nikipanda basi la kutoka Kasulu vizuizi vikianza nakaa kitambulisho mkononi, maana Kiha na Kirundi vimeshabihiana na askari akikutilia shaka anakuteremsha, anakuuliza jina la mwenyekiti wa kijiji, shule ya msingi ulisoma wapi, babu yako kazikwa wapi. Nilishawahi kuteremshwa mara mbili. Mara ya pili basi liliniacha. Shuleni tukitaka kumtukana mtu tulikuwa tunamwita mkimbizi, na mimi nilikuwa naita wenzangu hivyo bila kujua Dar nitaitwa mimi.

Nikamwambia Papa hapana, hawezi, mpaka kibali. Akatikisa kichwa taratibu akaikunja karatasi yake mara nne. "Basi tuko sawasawa. Miye mto, yeye kilomita ine."

Sijui kwa nini sikutetea. Ningeweza kusema sisi maskini na tumebeba zaidi ya laki mbili, wao matajiri wamebeba kiganja, na hiyo ni hoja ya kweli na bado naisimamia, Japani inatakiwa ichukue watu zaidi, tena mara mia zaidi, sio kuandika cheki kwa UNHCR ili mahindi na maharage yatukute sisi na wao wakae kimya na nyumba zao tupu. Lakini kumwambia hivyo yule mzee, pale, na bugali yake niko nayo tumboni, nilishindwa.

Saa kumi na nusu hivi alfajiri akanisindikiza stesheni. Nilijaribu kumpa yen 5,000 akakataa kabisa, akasema ukitaka kunipa kitu nitumie ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawa wa kopo hawana ladha. Na nikifika nimsalimie dada yake, akaniandikia jina na blok na zoni nyuma ya risiti ya duka. Alisimama nje ya geti mpaka treni ikaja. Nilipovuka Arakawa safari hii niliutazama, mto wa kawaida tu, mpana kidogo, kingo zake zina viwanja vya mpira.

Siku mbili zilizobaki sikumbuki nilifanya nini. Nilinunua kalkuleta ya mtoto na miwani.

Nimerudi nyumbani nikanunua dagaa kilo mbili, wale wazuri weupe. Nimeulizia nauli ya kuwatuma sehemu mbili tofauti, ya kwanza waliniambia bei nikadhani wanataja namba ya simu, ya pili wakasema samaki wakavu wanataka na cheti cha afya. Kwa dada yake nilienda Makere kabisa kwa bodaboda, kwenye kizuizi cha kambi wakaniambia raia haingii hivi hivi, andika barua ya kuomba kibali, eleza unamfuata nani na ni nani yako. Nimeandika. Hapo kwenye "uhusiano" nilikaa na kalamu muda mrefu, mwishowe nikaweka jirani. Barua sijajibiwa na dagaa wako kwenye ndoo jikoni, mama Asha ameshaanza kuwachota kidogo kidogo anadhani sioni.