Kumbukumbu ya mradi wangu: seli za kitunguu katika maji ya chumvi

Mradi huu ulianzia kwenye tuta la mchicha. Kisima ninachotumia kumwagilia kiko karibu na bahari, hapa Tanga, na maji yake, ingawa ni maangavu, huacha utando mweupe kwenye sufuria yakichemshwa hadi yakauke. Kila ilipofika saa nane mchana majani yalikuwa yamenyauka ilhali udongo ungali umelowa. Hilo ndilo lililonifanya ninunue hadubini iliyokwisha kutumika, ili nione kwa macho yangu seli ya mmea inavyokuwa inapopoteza maji kwa osimosisi, yaani maji kuvuka utando mwembamba wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi.

Wiki ya kwanza

Siku tatu za mwanzo zilipotea bure. Nilikuwa nikibandua ngozi ya upande wa ndani wa tabaka la kitunguu maji chekundu, kwa kuwa hutoka kwa urahisi, na katika chumvi sikuona lolote la maana, kwa sababu ngozi hiyo haina rangi. Rangi ya zambarau imo katika ngozi ya upande wa nje, ikiwa imeyeyuka katika maji ya vakuoli, yaani kile kifuko kinachochukua sehemu kubwa ya seli. Ngozi hiyo ni kaidi na hukatikakatika, kwa hiyo huichanja kwanza mraba mdogo kwa wembe, kisha huinyanyua pembeni kwa kibano.

Katika maji matamu rangi ilijaza kila seli kutoka pembe hadi pembe. Nilidondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kioo cha kufunikia, na upande wa pili nikayavuta kwa karatasi shashi. Kwa muda kidogo palikuwa kimya, kisha rangi ikaanza kuachana na ukuta, kwanza kwenye pembe, baadaye ubavuni, hata ikabaki donge la mviringo lililolala ndani ya kisanduku kitupu. Donge lilikuwa limekoza rangi kuliko awali, kwa kuwa maji yalitoka na rangi ikabaki. Ukuta wenyewe haukuonekana kusogea. Hali hii ndiyo plazimolisisi, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Hugo de Vries, mwaka 1877.

Wiki ya pili

Nilipima chumvi kwa mizani ya jikoni, nikatengeneza mimumunyo minne, na katika kila mmoja nikahesabu seli 60 baada ya dakika kumi. Kwenye gramu 6 kwa lita hakuna seli iliyojitenga na ukuta wake. Kwenye gramu 9 zilikuwa 11, kwenye gramu 12 zikawa 34, na kwenye gramu 18 zote 60. Kiwango ambacho karibu nusu ya seli zimeanza kujitenga ndicho kinachokaribia ukolezi wa maji ya ndani ya seli zenyewe, na kwa kitunguu changu nakikadiria kuwa gramu 11 au 12. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi kwa lita, karibu mara tatu ya hapo.

Kwa sukari hesabu ni nyingine kabisa. Ilinilazimu kufika takriban gramu 120 kwa lita ndipo nikaona hali ileile, na sababu ni kwamba osimosisi hufuata idadi ya chembe zilizoyeyuka, wala si uzito wake: molekuli ya sukari ni nzito karibu mara sita ya chumvi, na chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe mbili. De Vries alitumia seli za mimea kama mizani ya kulinganishia mimumunyo kwa njia hiihii, na matokeo yake yalimsaidia Jacobus van 't Hoff, aliyepata Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Kemia mwaka 1901.

Seli nilizozirudishia maji matamu baada ya dakika kumi zilijaa tena. Zile zilizolala usiku kucha katika chumvi kali hazikurudi. Rangi ilivuja ikatapakaa kote.

Wiki ya tatu

Hapa ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nikijidanganya. Nilikwisha kuandika daftarini kwamba mchicha wangu ulinyauka kwa plazimolisisi, kisha nikajiuliza ile nafasi kati ya donge na ukuta imejaa nini. Jibu ni maji ya chumvi, kwa sababu ukuta wa seli huyapitisha bila kizuizi. Kinachochagua kipi kipite na kipi kisipite ni utando wa seli, ulio ndani ya ukuta huo. Lakini jani lililo hewani halikuzungukwa na mmumunyo. Hewa haiwezi kupenya vitundu vyembamba vya ukuta uliolowa, kwa hiyo seli ikipungukiwa maji utando haubanduki, bali huuvuta ukuta pamoja nao.

Nilikausha kipande cha ngozi ya kitunguu hewani kwa dakika chache, nikakiweka ndani ya mafuta ya nazi badala ya maji, ili kisinywe tena. Kuta zilikuwa zimejikunja kama karatasi iliyofinyangwa, na rangi ilikuwa bado imegandamana nazo. Nimeifuta sentensi ya daftarini. Mchicha wangu unanyauka kwa sababu chumvi ya udongoni inapunguza maji ambayo mizizi inaweza kuyavuta, na jua la mchana linayatoa majanini upesi kuliko yanavyofika. Seli zinapoteza mbinyo wa ndani uliokuwa umelikaza jani, na kuta zinalegea.

Wiki ya nne

Nimeleta majani ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kutoka ufukweni, yakiwa na chembe za chumvi juu yake, kwani mmea huu huitoa chumvi kupitia majani. Nilitaka kujua seli zake zitafanya nini katika gramu 35. Ngozi yake haibanduki hata kidogo, na vipande nilivyokata kwa wembe ni vinene mno, mwanga haupiti. Nimenunua wembe mpya na karoti ya kulishikiza jani wakati wa kulikata.