Nilivyolielewa neno "msimamizi wa mirathi"

Baada ya baba kufariki, kikao cha ukoo kilichoketi nyumbani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi yake. Nilipeleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua. Wiki hiyohiyo shangazi aliniita kando: "Mwanangu, kwa hiyo nyumba ya kaka yangu sasa ni yako?" Wadogo zangu hawakuuliza, ila walianza kupunguza maneno kila nilipoingia sebuleni, na hilo liliniuma zaidi.

Nilirudi mahakamani kumwomba karani anieleze neno hilo linabeba nini. Mirathi ni mali na madeni aliyoyaacha marehemu. Mrithi ni mwenye fungu katika mali hiyo. Maneno hayo yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na nadhani kufanana huko ndiko kunakowafanya wengi wamwone msimamizi kuwa mrithi mkuu. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi kilichobaki. Mimi nilikuwa vyote viwili, lakini fungu langu lilitokana na kuwa mtoto wa marehemu, wala uteuzi haukuniongezea hata shilingi moja.

Jioni nilimuuliza shangazi, aliyewahi kuwa mwalimu, kama msimamizi wa mtihani huzifanya karatasi za watahiniwa kuwa zake. Akanyamaza kidogo, kisha akawaita wadogo zangu waje kusikiliza. Hapo ndipo mdogo wangu aliposema kwamba alitaka, kwa jina lake mwenyewe, kumshtaki mpangaji aliyekuwa anadaiwa kodi na baba. Nikamweleza kwamba deni hilo ni la mirathi, hivyo anayesimama mahakamani kulidai ni msimamizi, naye hudai kwa niaba ya warithi wote.

Sheria ilinipa miezi minne tangu uteuzi niwasilishe Fomu Na. 5, yenye orodha ya mali na madeni yote, na baadaye Fomu Na. 6, yenye hesabu za ugawaji. Kila fomu niliisoma kwa sauti mbele ya familia kabla ya kuipeleka, ikiwemo deni la saruji ambalo baba hakuwahi kulitaja. Mahakama ilipofunga shauri, usimamizi wangu ulikoma, nikabaki mrithi kama wenzangu.